Tati za ndizi za Jamaika: kwa nini zinavuja, na kwa nini ganda linakuwa gumu

"Shikamoo mwalimu. Nilipokuwa nasoma Toronto nilizoea kununua tati za ndizi kwenye duka la mikate la Wajamaika: umbo la nusu mwezi, ganda linalovunjikia mdomoni, ndani ndizi nyekundu inayonukia kungumanga. Sasa nimerudi nyumbani Tanga na nimejaribu kuzioka mara kadhaa. Kila mara ndizi inachuruzika na kuungulia kwenye trei, chini panabaki pabichi, na ganda linakuwa gumu. Donge nalikanda vizuri mpaka linalainika kabisa, kwa hiyo sielewi. Natumia mzuzu iliyoiva hadi nyeusi tii, na nikikosa mzuzu natumia ndizi mbivu za kawaida. Mafuta ni majarini ya kupaka mkate. Je, tatizo ni oveni yangu ndogo ya umeme? Nikitumia jiko la mkaa itakuwaje? Ile rangi nyekundu ni ya lazima? Halafu mama yangu ana kisukari, naye anazitamani. Nikiacha sukari kabisa nikategemea utamu wa ndizi, anaweza kula?"

Marahaba, ndugu yangu. Oveni yako usiitupe bado. Kwa jinsi ulivyoeleza, yale matatu yanayokusumbua, ndizi kuchuruzika, chini kubaki kubichi na ganda kuwa gumu, yana chanzo kimoja, nacho ni maji. Kwenye ndizi yamezidi, na kwenye unga umeyasukuma yafanye kazi ambayo tati haiihitaji. Tukiyaweka maji mahali pake, mengi yatanyooka hata kabla hujagusa swichi ya oveni.

Nianze na ndizi, maana ndipo tati ya Kijamaika inapopatia au inapokosea. Kuchagua mzuzu umechagua sawasawa. Mzuzu na mkono wa tembo ni ndizi za kundi lilelile wanalotumia Jamaika. Mmea wenyewe si wa asili ya Karibi. Historia inamtaja padri wa Kihispania, Tomás de Berlanga, kuwa ndiye aliyepeleka migomba kwenye kisiwa cha Hispaniola mwaka 1516 akitokea Visiwa vya Kanari, na baadaye ndizi zikawa chakula kikuu cha Waafrika waliofanywa watumwa visiwani humo. Waingereza walipoiteka Jamaika kutoka kwa Wahispania mwaka 1655 walikuja na mazoea yao ya kuoka vitu ndani ya ganda la unga na siagi. Kwa hiyo unachojaribu kuoka ni ganda la nchi ya baridi lenye tunda la nchi ya joto ndani yake, na shida zako nyingi zinatokana na ndoa hiyo.

Ndizi yoyote ikiiva, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huvunja wanga na kuugeuza sukari. Tofauti ya mzuzu na ndizi ya kumenya na kula, kama mtwike, ni kwamba mzuzu hata ikiiva hubaki na wanga kiasi. Wanga huo ndio msaada wako. Ukipata moto na maji, chembe zake hunywa maji, huvimba na kuushika mchanganyiko mzima, sawa na uji unavyoshika sufuriani. Mtwike ulioiva hauna wanga wa kutosha wa kufanya kazi hiyo. Ukiuponda na kuuweka ndani ya donge, maji yake yote yako huru, na yakichemka yatatafuta pa kutokea. Basi siku ukikosa mzuzu, subiri upate. Matoke nayo hayafai hapa: ni kundi jingine la ndizi, na yakiiva hayakupi utamu wala unene ule.

Sasa hiyo "nyeusi tii". Wajamaika kweli hutaka ganda la ndizi lenye weusi mwingi, lakini weusi peke yake haukuambii kitu. Bonyeza. Mzuzu inayofaa inabonyea kidogo, na ukiimenya nyama yake ni ya manjano iliyokolea, unaikata vipande na vipande vinasimama. Ikiwa kidole kinazama na maji yanatoka kwenye kikonyo, imeshapita. Hiyo kaangia chai ya jioni. Nadhani baadhi ya tati zako zilivuja kwa sababu hii tu.

Kwa tati 12 chukua mizuzu mikubwa miwili, ipate kama gramu 400 baada ya kumenywa. Ikate, itie sufuriani na robo kikombe cha maji, funika, moto mdogo, kama dakika kumi mpaka ilainike. Iponde kwa uma. Hapo ndipo utie sukari gramu 60, kijiko kikubwa cha siagi na chumvi kidogo. Sukari usiitie mwanzoni. Nayo inayavuta maji, na ukiitia mapema inashindana na wanga kabla wanga haujanywa vya kutosha. Endelea kukoroga bila kifuniko. Mwanzoni mchanganyiko unarukaruka na kutoa mapovu mazito, kisha unaanza kujikusanya na kung'aa. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia ikifunguka na kubaki wazi kwa muda kidogo kabla haijajifunga, epua. Ikijifunga papo hapo, bado. Watu wengi huepua mapema kwa kuogopa kuunguza, halafu wanailaumu oveni.

Baada ya kuepua tia vanila kijiko kidogo na kungumanga iliyokwaruzwa wakati huohuo, robo hadi nusu kijiko kidogo. Kungumanga ndiyo harufu uliyoikumbuka. Imeota mizizi sana huko visiwani, kiasi kwamba Grenada imeichora kwenye bendera yake. Wewe uko Tanga na Unguja iko ng'ambo tu, kwa hiyo nunua kokwa nzima, usinunue ya unga iliyokaa dukani mpaka ikapoteza harufu. Ila usizidishe, kwa sababu kungumanga nyingi ina madhara mwilini. Na nakuomba usitie iliki. Najua mkono wa mtu wa Pwani unaiendea wenyewe kila unapoona sukari na ndizi, lakini iliki ikiingia, harufu ya Jamaika inaondoka na unabaki na kitu kingine. Kitamu, lakini si kile ulichokifuata Toronto.

Itandaze ndizi kwenye sahani ipoe kabisa. Hili watu hulipuuza. Ndizi yenye joto ikigusa donge inayeyusha mafuta hapohapo, na mafuta yakishayeyuka kabla ya kuingia motoni, ganda limeharibika. Zaidi ya hapo, mvuke unaanza kujikusanya ndani kabla ukingo haujashika.

Sasa donge. Sentensi iliyonishtua katika barua yako ni hii: "nalikanda vizuri mpaka linalainika kabisa." Kwa chapati na mahamri hiyo ni sifa. Kwa tati ndiyo inayokuletea ugumu. Unga wa ngano una protini ambazo, zikikutana na maji na kukandwa, hushikana na kuwa wavu unaovutika uitwao gluteni. Wavu huo ndio unaoifanya chapati ivutike bila kuchanika. Ukiukanda vilevile kwa tati, unapata ganda linalovutika likiwa bichi, linalojikunja ukilisukuma, na linalokuwa gumu likiokwa. Kuongeza muda wa kukanda ili lilainike kunazidisha ugumu.

Kinachozuia wavu huo ni mafuta. Yanapochanganywa na unga mkavu kwanza, huzivika chembe za unga yasiyaachie maji nafasi kubwa. Na vipande vidogo vya mafuta vinavyobaki vizima vikiyeyuka ndani ya oveni huacha nafasi, na mvuke unazitanua. Huko ndiko kunakotoka kule kuvunjikia mdomoni. Ili vipande hivyo vibaki vizima mpaka oveni, lazima viwe baridi, na hapa ndipo Tanga inapopambana nawe. Siagi huanza kulainika kwenye nyuzi joto 20 na kitu, na ikikaribia 35 imeyeyuka yote. Jikoni kwako mwezi wa Februari huenda ni zaidi ya 30. Majarini ya kupaka mkate ni mbaya zaidi: imetengenezwa iwe laini hata ikitoka kwenye friji, na ina maji mengi ndani yake, yaani unaongeza maji kwenye unga bila kujua.

Waokaji wengi wa Jamaika hutumia mafuta ya kupikia ya mgando, peke yake au pamoja na siagi, na kwa hali ya hewa yetu nakushauri ufuate hivyo: nusu siagi kwa ajili ya ladha, nusu mafuta ya mgando ambayo yanastahimili joto zaidi. Unga gramu 300, mafuta gramu 150 kwa jumla, chumvi nusu kijiko kidogo, sukari kijiko kikubwa kimoja. Unga uwe wa ngano mweupe wa kawaida. Katakata mafuta vipande vya ukubwa wa harage, yaweke friza nusu saa, na bakuli la unga uliweke kwenye friji. Kisha yavuruge mafuta ndani ya unga kwa ncha za vidole, ukiinua na kuachia, kiganja kisiguse kwa sababu kiganja kina joto. Acha ukiona chenga, kubwa na ndogo zimechanganyika. Nyunyiza maji ya barafu kijiko kimoja kimoja. Utahitaji kama mililita 80, pengine kidogo zaidi. Finya konzi moja: ikishikana, basi. Usikande. Likusanye tu, libonyeze liwe bapa, lifunge kwenye nailoni na liache kwenye friji saa moja.

Donge litaonekana kama halijakamilika, lina mabaka ya mafuta na kingo zilizopasuka. Mkono wako utawasha utamani kulikanda kidogo tu. Liache. Saa moja ya friji inamalizia kazi: maji yanasambaa yenyewe, gluteni kidogo iliyojitokeza inalegea, mafuta yanaganda tena. Ukilitoa, lisukume kwa kifimbo cha chapati hadi unene wa kama milimita tatu, kata duara za sentimita 12 kwa kutumia mdomo wa bakuli, na ukiona linaanza kung'aa mafuta, rudisha yote kwenye friji dakika kumi bila kubishana nalo. Ikiwa huna friji, fanya kazi alfajiri, tumia mafuta ya mgando peke yake na maji ya barafu ya kununua. Ganda halitakuwa na ladha ya siagi, lakini litavunjika inavyotakiwa.

Kufunga tati ni kazi ya dakika chache. Kijiko kikubwa kimoja cha ndizi iliyopoa, nusu moja ya duara, mbali na ukingo kwa upana wa kidole. Lowanisha ukingo kwa maji kidogo, kunja, bonyeza kwa vidole kuanzia katikati kuelekea pembeni ili hewa itoke, halafu pitisha meno ya uma kuzunguka. Ndizi ikigusa ukingo, hata kidogo, mahali hapo hapatashika, na ndipo patakapofunguka. Toboa juu mara mbili au tatu. Matundu hayo si ya urembo, ni mlango wa mvuke, maana usipoupa njia utajitafutia wenyewe kwenye ukingo wako. Ziweke kwenye friji tena dakika 20, kisha paka yai lililopigwa.

Sasa tuje kwenye oveni. Oveni nyingi ndogo za umeme zina swichi ya kuchagua moto wa juu, wa chini, au yote miwili. Kabla ya jambo lolote iangalie swichi hiyo, kisha washa na uchungulie waya wa chini kama unakuwa mwekundu. Ikiwa uliweka moto wa juu peke yake, au waya wa chini umekufa, chini kutabaki kubichi hata ungekuwa bingwa wa uokaji. Waya uliokufa, oveni inayokata umeme wa nyumba kila ukiiwasha, au inayokupiga shoti ukigusa bati lake, hiyo mwite fundi umeme aje aitazame. Usiifungue mwenyewe na usiendelee kuitumia.

Ikiwa nzima, iwashe dakika 20 kabla, nyuzi 200, na trei tupu ndani. Tati zikitoka kwenye friji ziteleze pamoja na karatasi yake ya kuokea juu ya trei hiyo ya moto, kwenye ngazi ya chini. Baridi ikikutana na bati la moto, sehemu ya chini inashika kabla maji ya ndizi hayajapenya. Baada ya dakika kumi punguza hadi 180, uendelee dakika 15 hadi 18. Namba za kitasa cha oveni hizi ndogo mara nyingi hazisemi kweli, kwa hiyo kipimajoto cha kuweka ndani ni matumizi mazuri ya pesa kuliko oveni mpya. Kwenye matundu utaona tone la shira likitokota na kugeuka kahawia. Hilo ni sawa, haliitwi kuvuja. Inua tati moja kwa kisu: chini pawe pamebadilika rangi na pakavu, ndipo utoe.

Mkaa unawezekana. Wewe wa Pwani unajua kupalia makaa juu na chini, na Wajamaika wanaijua njia hiyohiyo: kuhusu pudingi yao ya viazi vitamu iliyookwa ndani ya chungu cha chuma wana msemo kwamba jehanamu iko juu, jehanamu iko chini, na haleluya iko katikati. Tumia sufuria nzito, tandaza mchanga mkavu chini, weka vijiwe vitatu, trei ndogo juu yake, funika, makaa mengi juu ya kifuniko na machache chini. Oka tati nne au tano kwa mara moja. Nikwambie ukweli, hazitapata rangi sawasawa, na utapoteza chache mpaka uujue moto wako. Kama oveni ni nzima, kaa na oveni. Na mkaa uwe nje au mahali penye upepo wa kupita. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua, na mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoe nje mara moja na mpelekeni hospitali.

Rangi nyekundu si ya lazima. Ndiyo alama ya tati hii, na Mjamaika akiipasua akakuta manjano atakuuliza, lakini haina ladha yoyote. Ukitaka kuitia, rangi nzito ya jeli ni bora kuliko ya maji, kwa sababu ileile tunayoizungumza tangu mwanzo, matone mawili matatu yatosha. Tangu mwaka 2010 Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye baadhi ya rangi nyekundu na njano za viwandani viandikwe onyo kuhusu utulivu wa watoto, kwa hiyo kama unaoka kwa ajili ya watoto wengi una sababu ya kuiacha. Juisi ya bitiruti hupauka ikipata moto. Ninachokipenda zaidi ni rozela, ambayo Wajamaika wenyewe hunywa wakati wa Krismasi: chemsha konzi ndogo kwenye maji kidogo mpaka yawe mekundu sana, chuja, na utumie robo kikombe hicho kupikia ndizi badala ya maji matupu. Usizidishe, kwa sababu uchachu mwingi hudhoofisha wanga.

Nimeacha swali la mama mwishoni ili nilijibu kwa utulivu. Dhana kwamba sukari ya tunda haihesabiki ni ya watu wengi, na si kweli. Mzuzu inapoiva utamu hauongezeki kutoka hewani, ni wanga wake uleule uliogeuka sukari. Kwa vipimo nilivyokupa, tati moja ina takriban gramu 35 za wanga na sukari pamoja, na zaidi ya nusu inatoka kwenye unga, si kwenye sukari. Ukiacha sukari yote unapunguza kama gramu sita tu. Ni nafuu, ila tati haijawa chakula cha mgonjwa wa kisukari. Je, anaweza kuonja? Wengi wenye kisukari huweza kula kipande kidogo wakikipangia nafasi ndani ya mlo, yaani wakipunguza wali au mkate wa mlo huo. Lakini kiasi gani kwa mama yako, hilo linategemea dawa anazotumia na vipimo vyake, na hasa kama anachoma insulini. Mimi ni mwokaji. Muulize daktari wake au mtaalamu wa lishe kliniki anakohudhuria, umpelekee hizo gramu 35 kama nilivyoziandika, zitamsaidia kukupa jibu la uhakika. Ukitaka, mkatie duara za sentimita 8 zenye ndizi kijiko kidogo kimoja na nusu. Hata asiye mgonjwa huridhika nazo.

Jaribio lijalo usilifanye siku moja. Pika ndizi jioni na uihifadhi kwenye friji, hukaa siku tatu bila shida, na donge nalo lilaze humo. Asubuhi jikoni kungali na ubaridi, sukuma, funga, oka. Zikibaki, zigandishe mbichi kwenye friza, uoke zikiwa zimeganda vilevile, ukiongeza dakika tano. Kama chini kutabaki kubichi hata baada ya haya yote, niandikie uniambie swichi ya oveni iko wapi na waya upi unawaka.